Naomba ushauri, mama miaka 57 misuli inaisha, homoni zitamsaidia kweli?

Habari zenu wapendwa. Mama yangu hedhi ilikata akiwa na miaka 51, sasa tangu mwaka jana mapaja yanapungua kabisa, kunyanyuka kwenye kigoda mpaka ashike ukuta na ndoo ya lita 20 aliyokuwa anajitwisha mwenyewe siku hizi hata nusu hawezi, roho inaniuma sana. Daktari mmoja kamwambia aanze vidonge vya homoni, estrojeni na projesteroni, hii ya pili ya kulinda kizazi maana bado anacho, mwingine kasema hizo ni za joto la ghafla na mifupa, misuli inataka mazoezi ya kunyanyua uzito na protini, mayai, dagaa, maharage. Mi naona huyu wa pili ndo ana pointi.

Halafu mama mdogo alifariki kwa kansa ya titi, na ule utafiti mkubwa wa Marekani wa homoni kwa wanawake waliokoma hedhi (WHI), sehemu ya hizo homoni mbili ilisimamishwa 2002 sababu kansa ya titi iliongezeka, ingawa wanasema aliye chini ya miaka 60 hatari kwa ujumla ni ndogo.

Kuna ambaye mzazi wake ametumia? Nguvu zilirudi? Na vipimo gani aanze navyo, mama anaogopa na mimi naogopa zaidi.