Mrejesho: gari la kukodi na barabara za kulipia

Wakuu, niliuliza kama nipite barabara za kulipia na gari la kukodi au nizikwepe. Nimeamua kupita. Tozo yenyewe mara nyingi ni ndogo. Kinachouma ni ada ya kampuni. Pasipo kibanda cha kulipia, kamera inasoma namba ya gari, bili inakwenda kwa mwenye gari, naye anaongeza chake. Kuna wanaotoza kila siku ya mkataba ukishapita mara moja tu! Soma kipengele hicho kabla ya kusaini.

Ukisajili namba ya gari kwenye akaunti yako ya tozo, weka saa ya kulichukua na ya kulirudisha. Usipoiondoa namba hiyo ukisharudisha gari, utamlipia mteja anayefuata. Kifaa cha kampuni cha kulipia tozo kikiwa kwenye kioo cha gari, uliza kinavyozimwa, la sivyo utakatwa mara mbili.