Namna ya kuisikiliza "The Drift" ya Scott Walker

Msikilizaji, Jinja:
Ndugu wapenzi wa muziki, naomba msaada wenu. Nilimpenda Scott Walker kwa nyimbo za miaka ya 1960, alipokuwa na kundi la The Walker Brothers. Sasa nimeisikiliza "The Drift", albamu aliyoitoa mwaka 2006 akiwa na umri wa miaka 63, na humo sikuti kiitikio wala mdundo wa kuufuata. Isikilizwe vipi, na kwa nini mwenye sauti nzuri kiasi kile aziache nyimbo za kuimbika?

Mpiga gitaa, Kampala:
Ndugu, anza na "Clara", wimbo wa karibu dakika 13 unaomhusu Clara Petacci, mpenzi wa dikteta wa Italia Mussolini, aliyepigwa risasi pamoja naye Aprili 1945, kisha miili yao ikaning'inizwa hadharani mjini Milan. Ule mshindo butu unaousikia si wa ngoma: ni mpigaji aliyekuwa akilitwanga kwa ngumi pande la nyama ya nguruwe studioni. Wengi hulisimulia jambo hilo kama kioja, nami husikitika, kwa maana ngozi ya ngoma iliyowambwa hulia, ilhali maiti inayopigwa na umati hailii. Walker alitaka kila sauti ibebe maana ya mstari unaoimbwa. Kwa hiyo weka maneno ya nyimbo mbele yako, kaa mahali penye utulivu, na usiicheze huku ukifanya kazi nyingine.

Mwalimu, Mbarara:
Nakubaliana na mwenzangu kuhusu maneno. Katika "Jesse", Elvis Presley anazungumza na pacha wake aliyezaliwa mfu, na huzuni hiyo inaunganishwa na kuanguka kwa minara ya New York mwaka 2001. Asiyejua hayo atasikia giza tupu. Hata hivyo, sidhani inafaa kurukia hapo moja kwa moja kutoka miaka ya 1960. Pitia kwanza albamu zake "Climate of Hunter" ya 1984, halafu "Tilt" ya 1995, ambamo utasikia sauti ile nzito ikipanda juu na kukazwa, mpaka utamu wake wa zamani unatoweka. Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaoisifu albamu hii yote: utamu huo naukosa, na kwangu "A Lover Loves", wimbo wa mwisho, wenye gitaa na sauti yake karibu peke yake, unazishinda nyimbo zote zilizotangulia.

Msikilizaji, Jinja:
Asanteni sana. Nitaanza na "Climate of Hunter", kama Mwalimu alivyoshauri.