Kwa nini jamaa wa wafalme huuza vito vya urithi?

MwanaKidani
Waungwana, naomba kufahamishwa. Kila ninapofuatilia minada ya vito ya Geneva na London nakuta kuwa wauzaji ni watu wenye vyeo vya kifalme: mtoto wa binti mfalme huyu, mjane wa mwanamfalme yule. Watu hawa wana makasri na misitu. Inakuwaje mtu wa namna hiyo auze taji alilovaa mama yake siku ya harusi? Ni ukata wa kweli au ni kutojali tu? Na mbona hatusikii mfalme aliyeko madarakani akifanya hivyo?

MzeeWaKumbukumbu
Nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo linalofungua mengine. Vito vya taji si mali ya mfalme bali ni vya dola, naye huvivaa kama waziri anavyopanda gari la serikali. Jamaa wa pembeni hana cha dola. Alicho nacho ni chake mwenyewe, kwa hiyo anaweza kukiuza, na akifa warithi wake hutozwa kodi. Huko Uingereza, tangu makubaliano ya 1993, mali inayotoka kwa mfalme kwenda kwa mrithi wake wa kiti haitozwi kodi ya mirathi, lakini ndugu za mfalme hawana msamaha huo, na kiwango cha kodi hiyo ni asilimia 40.

Binti mfalme Margaret, mdogo wake Malkia Elizabeth II, alifariki Februari 2002. Juni 2006 wanawe wawili walipeleka vitu vyake kwenye nyumba ya mnada ya Christie's, London, na sababu iliyotajwa ilikuwa kodi hiyo. Lilikuwamo taji la Poltimore, alilonunuliwa 1959 kwa pauni 5,500 na kulivaa alipoolewa mwaka uliofuata; liliuzwa kwa zaidi ya pauni 900,000. Mnada mzima uliingiza zaidi ya pauni milioni 13, kwa hiyo mimi binafsi siuiti ukata.

BintiLulu
Naongezea mfano wa Regensburg, Ujerumani, kwa sababu pale madeni yalikuwa ya kweli. Mwanamfalme Johannes wa Thurn und Taxis, ukoo uliotajirika kwa kuendesha posta za Ulaya, alifariki Desemba 1990 akamwachia mjane wake, Gloria, watoto watatu, kasri kubwa na madeni mazito. Kasri halileti fedha; linazila, kuanzia paa linalovuja hadi mishahara ya watumishi. Msitu nao hauuziki kwa wiki moja, ilhali taji linaingia kwenye sanduku dogo na kufika Geneva siku hiyo hiyo. Ndiyo maana vito vilitangulia, mwaka 1992, na vitu vya kasrini vikafuata mwaka 1993.

Kati ya vilivyouzwa lilikuwamo taji la lulu ambalo sonara Lemonnier alimtengenezea Eugénie, mke wa Napoleon III, mwaka 1853. Gloria alilivaa kwenye harusi yake mwaka 1980. Cha ajabu ni kwamba ukoo wa mumewe nao ulilipata kwa sababu Jamhuri ya Ufaransa ilivipiga mnada vito vya taji mwaka 1887. Baada ya 1992 lilirudi Paris, katika jumba la makumbusho la Louvre, na Oktoba 2025 wezi wakaliiba.

SonaraWaMtaani
Mimi nakaa kwenye kaunta ya dhahabu, kwa hiyo niseme la bei. Mama akiniletea bangili za bibi yake, nazisugua kwenye jiwe jeusi, natia tone la asidi, nang'oa vijiwe, kisha napima uzito. Jina la bibi halipandishi mizani hata chembe. Geneva ni kinyume chake. Novemba 2018 ukoo wa Bourbon-Parma uliuza kidani cha lulu kilichokuwa cha Marie Antoinette, malkia wa Ufaransa. Kilikadiriwa kufika dola milioni 2, kikauzwa kwa zaidi ya milioni 36. Pale mtu huuza nasaba, na lulu inaibeba tu.

Ila mkimbizi hasubiri mnada. Elena, binti wa ukoo wa kifalme wa Urusi, aliyerithi taji la mama yake baada ya ukoo wao kupoteza kila kitu katika mapinduzi ya nchi hiyo, alimuuzia taji hilo Malkia Mary wa Uingereza mwaka 1921. Mnunuzi alikuwa mtu wa daraja lao, na mambo yaliisha kimya kimya.

MwanaKidani
Ahsanteni sana. Nimemkumbuka Sayyida Salme wetu, binti wa Sultani Said wa Unguja, aliyebaki Ujerumani na watoto watatu baada ya mumewe kufariki mwaka 1870, akafundisha Kiarabu ili wale, na mwaka 1885 akaja Unguja na manowari za Kijerumani kudai mirathi, akaondoka mikono mitupu. Swali dogo, Sonara: anayenunua minadani hutajwa?

SonaraWaMtaani
Asipotaka, hatajwi. Mara nyingi ni sauti tu kwenye simu.