Tunamwombea kaka mwenye kisukari, tumeambiwa aache sindano na sisi tufunge kavu siku 21. Naomba ushauri

Dada wa Igoma
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Tuna kikundi kidogo cha maombi hapa Igoma, Mwanza, tumetoka makanisa tofauti. Tunamwombea kaka yetu mwenye kisukari, anachoma insulini asubuhi na jioni, na sasa ana kidonda kwenye unyayo kisichofunga. Mtumishi mmoja aliyealikwa kuomba nasi ametuachia masharti: tufunge kavu, bila kula wala kunywa, siku 21 pamoja na mgonjwa, sindano ziachwe kama tendo la imani, na itolewe sadaka ya mbegu ili mlango ufunguke. Akakataza pia kusema "mapenzi yako yatimizwe", kwamba maneno hayo yanaua imani. Kikundi kimegawanyika. Naomba wenye kujua Maandiko mnieleze: Mungu anajibuje maombi, na sisi tuombeje? Mfungo umepangwa kuanza Jumatatu.

Muuguzi Nyamagana
Dada, naanza na la haraka, ya Maandiko watakuja wenye nayo. Insulini isiachwe hata dozi moja kwa kuambiwa na mtu asiye mtabibu wake. Ikikatwa, sukari inapanda, mwili unaanza kuchoma mafuta na damu inajaa asidi. Utaona kiu kali, mkojo mwingi, kutapika, kupumua kwa kasi na kwa kina, pumzi yenye harufu kama ya matunda yaliyoiva kupita kiasi, kisha usingizi usioamshika. Kwa wengine hilo halichukui hata siku mbili.

Na akifunga huku anachoma dozi ileile, sukari itaanguka. Dalili zake ni jasho la ghafla, kutetemeka, njaa kali, kuongea maneno yasiyoeleweka. Hapo mpeni vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, subirini dakika 15, pimeni tena. Ikiwa bado iko chini rudieni, ikipanda ale chakula. Akiwa hajitambui msimmiminie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali. Kwa hiyo yeye asifunge kabisa.

Kidonda cha unyayo kisafishwe na kufungwa kila siku kwa namna mliyoelekezwa kliniki, asikikanyagie wala kutembea pekupeku. Kikitoa harufu, kikigeuka cheusi, wekundu ukipanda mguuni au homa ikianza, aende siku hiyohiyo, msingoje tarehe ya kliniki.

Mzee wa Kanisa, Kisesa
Amina, muuguzi. Sasa hizo siku 21. Zimetoka Danieli 10, na wengi hawasomi mstari wa 3. Danieli anasema hakula chakula kitamu, wala nyama wala divai haikuingia kinywani mwake. Hakufunga kavu. Alijinyima vinono kwa wiki tatu, basi. Mfano ulio wazi wa watu kufunga bila kula wala kunywa ni Esta 4:16, nayo ilikuwa siku tatu. Anayewaambia mkae siku 21 bila maji anawaagiza jambo ambalo mwili haulihimili, na Danieli mwenyewe hakulifanya.

Halafu someni mstari wa 12. Malaika anamwambia kwamba maneno yake yalisikiwa tangu siku ya kwanza. Funga haikununua usikivu wa Mungu. Ilimfanya Danieli akae mahali pamoja na ombi lake hadi jibu lilipofika.

Mkitaka kufunga, fungeni ninyi wazima kwa kiasi: mlo mmoja uachwe, au toka asubuhi hadi saa kumi jioni, maji mnywe. Mjamzito, anayenyonyesha, mwenye vidonda vya tumbo, anayemeza dawa zinazotaka chakula, hao wapewe jukumu lingine. Na fedha ya chakula mlichoacha iende kwa mwenye njaa, ndivyo Isaya 58:7 inavyotaka.

Imani Buhongwa
Shalom. Naheshimu michango yenu, lakini tusizime moto. Marko 11:24 ni neno la Bwana mwenyewe: yoyote myaombayo mkisali, aminini ya kwamba mnayapokea. Ukiomba kupona huku umeshika sindano, si umekwisha kuonyesha kwamba huamini? Na ukiongeza "kama ni mapenzi yako" umejiwekea mlango wa kutokea.

Katekista Sengerema
Tumsifu Yesu Kristo. Ndugu Imani, swali lako ni la haki, nitalijibu kwa kirefu kwa sababu ndipo watu wengi wanapoumia.

Marko 11:24 haisimami peke yake. Mstari wa 22 unasema mwaminini Mungu, na wa 25 unadai msamaha kwa yeyote mliye na neno naye. Imani inayotakwa pale inamhusu Mungu, kwamba ni Baba na anaweza. Haipimwi kwa kukataa kwangu kutamka jambo fulani, wala kwa kiasi cha uhakika nilichojikamulia kifuani. Yule baba wa Marko 9:24 alilia, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu", na mtoto wake akaponywa.

Kuhusu "mapenzi yako yatimizwe": Yesu aliyasema Gethsemane, na Mathayo 26:44 inaeleza kwamba alirudi mara ya tatu akisema maneno yaleyale. Nani atathubutu kusema imani yake ilikufa pale? Tena angalieni Waebrania 5:7. Imeandikwa kwamba alimtolea yule awezaye kumwokoa katika mauti maombi pamoja na kulia sana na machozi, naye *akasikilizwa*. Lakini kikombe alikinywa. Alisikilizwa, akafa, na siku ya tatu Baba akamfufua. Ukilishika hilo, hutamwambia tena mgonjwa kwamba kutopona kwake ni ushahidi kuwa hajasikilizwa.

Dawa je? Hezekia katika 2 Wafalme 20 aliomba akilia, Mungu akamwongezea miaka 15, na nabii huyohuyo aliyeleta jibu akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Ombi, jibu na dawa vyote katika mlango mmoja. Paulo anamwandikia Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yanayompata mara kwa mara (1 Timotheo 5:23), na Trofimo alimwacha Mileto hawezi (2 Timotheo 4:20). Hapa kwetu, Bugando ni hospitali ya Baraza la Maaskofu Katoliki. Kanisa linalopiga magoti ndilo lililojenga wodi pale mlimani, na halikuona mgongano wowote.

Kisha Matendo 12. Herode anamwua Yakobo kwa upanga. Petro anafungwa, kanisa linaomba kwa juhudi, malaika anamtoa. Kanisa ni lile, wiki zilezile. Mwandishi hasemi kwamba Yakobo aliombewa kwa imani ndogo, nasi tusiseme.

Mzee wa Kanisa, Kisesa
Naongeza la sadaka. Naamani mwenye ukoma alipopona alitaka kumlipa nabii Elisha, Elisha akakataa. Gehazi, mtumishi wa Elisha, alipokimbilia malipo, ukoma wa Naamani ukamshika yeye (2 Wafalme 5). Simoni wa Samaria alipoleta fedha aliambiwa na Petro: "Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe, kwa kuwa umedhania ya kuwa karama ya Mungu yapatikana kwa mali." Sadaka ya shukrani ni njema, ya kutegemeza kanisa ni wajibu. Sadaka ikiwa sharti la kuombewa, hiyo ni bei. Fedha hiyo nunueni bandeji na vipimo vya sukari.

Njia iliyoandikwa kwa mgonjwa ni Yakobo 5:14-16. Mgonjwa mwenyewe awaite wazee wa kanisa, wamwombee na kumpaka mafuta kwa jina la Bwana, watu waungamiane dhambi. Hakuna malipo.

Katekista Sengerema
Ni kweli. Akiwa Mkatoliki aitiwe padre kwa Mpako wa Wagonjwa. Wengi huusubiri hadi mtu anakata roho, na hilo ni kosa: ni sakramenti ya mgonjwa yeyote aliye katika hali nzito, na hurudiwa hali ikizidi.

Mama Dagaa, Kirumba
Samahani kuingilia uzi. Na maombi ya riziki je? Sisi wa soko la samaki la Mwaloni tunaombea dagaa kila mwezi, mbalamwezi ikiwaka hakuna kitu.

Mzee wa Kanisa, Kisesa
Mama, dagaa hufuata taa gizani, mwezi ukijaa taa haiwavuti. Mungu ndiye aliyeweka utaratibu huo, naye ameshajibu sehemu kwa kukuonyesha lini giza linarudi. Ombea hekima ya kuweka akiba ya siku za mbalamwezi, hali nzuri ya ziwa kwa vijana walio majini, bei ya haki, jua la kuanikia. Ila mwenye mtumbwi anayevua kwa kokoro, wavu uliokatazwa, asiombe baraka ya mavuno: Zaburi 66:18 inamfunga, kwamba Bwana hamsikii awazaye maovu moyoni. Aache kwanza, aombe baadaye.

Dada wa Igoma
Asanteni sana, nimesoma kila mstari. Mfungo wa Jumatatu tumeufuta na kaka anaendelea na sindano. Nisaidieni moja: tukikutana tuombe kwa mpangilio gani, na jibu tutalitambuaje? Kuna anayetaka tuombe ishara kama ngozi ya Gideoni.

Katekista Sengerema
Fuateni Baba Yetu. Ina maombi saba: matatu ya kwanza ni ya Mungu, yaani jina lake, ufalme wake, mapenzi yake, manne ni yetu. Saa moja inatosha. Someni zaburi moja polepole. Ya 13 inafaa kwa waliochoka kungoja, ya 88 kwa siku ambayo hata shukrani haitoki. Kaeni kimya kidogo. Kisha msamaha, na kama wawili wamekosana kuhusu huyo mtumishi wapatane kabla ya kuendelea. Ndipo ombi, kwa maneno machache na ya wazi: "Baba, funga kidonda hiki, shusha sukari ifikie kiwango alichopangiwa, mpe usingizi, wape madaktari macho ya kuona." Mathayo 6:7 inakataza kupayuka-payuka, basi kila mmoja aombe dakika mbili tatu, wengine waitikie. Malizeni kwa "mapenzi yako yatimizwe", mkimaanisha.

Ngozi ya Gideoni iacheni. Gideoni alikuwa tayari ameambiwa na Mungu afanye nini. Ngozi ya kondoo aliyoitandaza usiku ili umande uwe ishara ilitokana na hofu yake, Mungu akamvumilia. Chukueni daftari. Andikeni tarehe, ombi, andiko mlilosimamia, kazi ya mikono iliyoambatana nalo, na kilichotokea. Nehemia alifanya vyote pamoja: 4:9 inasema waliomba na wakaweka walinzi. Pitieni daftari kila mwisho wa mwezi. Mtakuta mengine yamejibiwa kama yalivyoombwa, mengine kwa namna nyingine, mengine bado. Yaliyo bado endeleeni kuyaomba, Luka 18:1 inaagiza tusikate tamaa. Paulo aliacha kuomba mwiba wa mwilini mwake uondolewe baada ya mara tatu kwa sababu alipewa neno: "Neema yangu yakutosha." Ninyi hamjapewa neno la kuacha.

Imani Buhongwa
Katekista, Waebrania 5:7 sikuwahi kuiweka pamoja na Gethsemane. Naendelea kuamini Mungu anaponya kwa muujiza leo.

Katekista Sengerema
Nami naamini hivyohivyo, ndugu yangu, na ombeni muujiza kwa ujasiri. Ukija, kipimo cha sukari kitauonyesha, na daktari ndiye atakayepunguza dozi.

Muuguzi Nyamagana
Dada, kesho kliniki beba kile kitabu chake cha vipimo, na umwambie daktari wazi kwamba kulikuwa na mpango wa kufunga. Mwulize kaka pia kama amekwisha kukosa dozi yoyote wiki hii. Wagonjwa huficha wakiogopa kuonekana hawana imani.