Kwa nini nauli ya ndege hupanda na kushuka miezi mingi kabla ya safari?

Msafiri wa Langoni:
Assalaam alaykum. Ninapanga kumpeleka mama Nairobi kutoka uwanja wa Manda, hapa Lamu, baada ya miezi saba. Jumatatu nauli ilikuwa nafuu, Jumatano ikapanda, na leo imeshuka tena, ilhali ndege haiwezi kuwa imejaa mapema hivi. Sababu ni nini?

Mzee wa Shela:
Waalaykum salaam. Viti vya daraja moja hugawanywa katika mafungu ya bei, kila fungu na masharti yake. Fungu la bei nafuu likiisha, huonyeshwa linalofuata, na aliyeshikilia nafasi bila kulipa akiiachia, bei ya chini huweza kurejea. Tena kompyuta hulinganisha kasi ya mauzo na ya miaka iliyopita, kwa hiyo usitarajie siku za Maulidi ziwe sawa na nyinginezo.

Binti Mkomani:
Ukitafuta viti vitatu kwa pamoja na fungu la nafuu limebakiwa na viwili, mara nyingi vyote vitatu hupewa bei ya juu. Jaribu kimoja kimoja.

Msafiri wa Langoni:
Ahsanteni. Kumbe Jumatano nilitafuta vitatu!