Nakuru au Kisumu: wapi kunafaa familia yenye watoto wadogo?

Mzazi wa Wawili

Hamjambo nyote. Mimi na mume wangu tumeamua kuhama Nairobi, lakini mazungumzo ya nyumbani yamekwama kati ya miji miwili. Yeye ni mhasibu anayefanyia kazi nyumbani, ila hutakiwa kufika ofisini Nairobi mara mbili kwa mwezi. Mimi ni mshonaji, na cherehani hushona popote. Tuna mvulana wa miaka 4 na mtoto mchanga wa miezi 4. Mama mkwe anaishi peke yake karibu na mji wa Kakamega, na afya yake si ya kutegemewa. Mume wangu anapendelea Nakuru kwa sababu ya ukaribu wa Nairobi, nami moyo wangu uko Kisumu, ingawa naogopa malaria. Naomba wenyeji wanieleze yale ambayo madalali wa nyumba hawayasemi.

Mkazi wa Kiamunyi

Dada, karibu Nakuru, lakini uje ukijua habari za maji. Mji huu umo ndani ya Bonde la Ufa, na maji yanayopita katika miamba ya volkeno huwa na floraidi nyingi, aghalabu kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Meno ya kudumu ya mtoto hujengeka ndani ya ufizi katika miaka minane ya kwanza hivi, na akiyanywa maji hayo wakati huo, meno huota yakiwa na madoa ya kahawia ambayo mswaki hauyaondoi. Ndiyo maana wengi waliokulia hapa unawatambua wanapocheka. Kuchemsha hakusaidii, bali huzidisha, kwa kuwa maji hupungua kwa mvuke na floraidi hubaki. Vichujio vya kawaida vya mishumaa navyo haviiondoi, hata muuzaji akiapa.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa amana ya nyumba, iwe ni Kiamunyi, Lanet au Milimani, muulize mwenye nyumba kama maji ni ya kisima chake cha kuchimbwa, ni ya mfereji wa kampuni ya maji, au yamechanganywa. Kwangu tunakinga mvua kwa ajili ya kunywa na kupika, na wakati wa kiangazi tunatumia kichujio cha mkaa wa mifupa, ambacho kimetumika Nakuru kwa miaka mingi.

Mengine ni mepesi. Tuko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo joto halisumbui, na mboga za Bahati na Molo hazina bei ya kutisha. Nairobi iko umbali wa kilomita 160 hivi, ila mumeo asijidanganye: msongamano wa malori upande wa Naivasha hauheshimu saa ya mkutano wa mtu.

Mama Mamboleo

Mwanangu, malaria usiiogope, lakini usiidharau. Huku kando ya ziwa ipo mwaka mzima na huongezeka baada ya mvua, na mtoto aliyezaliwa Nairobi hana ile kinga ya kiasi ambayo wenyeji huipata kwa kuugua mara kwa mara. Homa yoyote hupimwa siku hiyo hiyo. Habari ya kumpa dawa ya maumivu na kungoja asubuhi iacheni huko mlikotoka. Huyo mchanga atafika kwa wakati mzuri, kwa sababu chanjo ya malaria imekuwa ikitolewa katika kaunti za ukanda huu, Kisumu ikiwemo, tangu mwaka wa 2019, na huanza mtoto akiwa na miezi 6. Kaka yake umri umempita, kwa hiyo yeye ni wa chandarua kila usiku.

Tafuteni nyumba upande wa juu, kama vile Riat, ambako upepo hufika, wala msivutiwe na kodi nafuu ya sehemu za bondeni ambako maji ya mvua husimama. Hospitali kubwa ya rufaa ni ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wenyeji hadi leo huiita Russia.

Msafiri wa Chavakali

Mnapima safari zisizolingana. Safari ya ofisini hujulikana mapema, na ndege kutoka Kisumu hadi Nairobi haimalizi saa moja angani, japokuwa nauli yake si ya kila mtu. Mama akizidiwa usiku hatatoa taarifa. Kutoka Kisumu hadi Kakamega ni kilomita 50 hivi kupitia Mbale na Chavakali. Kutoka Nakuru ni zaidi ya 200.

Mzazi wa Wawili

Nawashukuru. Mume wangu amesoma yote, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza nauli ya ndege, jambo ambalo nalichukua kuwa jibu. Tutakwenda kuangalia nyumba Riat. Je, kliniki ya Kisumu itampokea mtoto aliyeanza chanjo Nairobi?

Mama Mamboleo

Itampokea. Kijitabu cha kliniki hutumika nchi nzima, kwa hiyo kisifungwe ndani ya mizigo ya lori, kibebe mkobani.