UZI: Mliowahi kuomba halmashauri itoe hela ya madarasa au maktaba, tupeane uzoefu

Mzazi wa Std One (mleta uzi)
Wakuu habari za majukumu. Huku kwetu pembezoni mwa mji (wilaya sitaji maana mtendaji wetu naye anashinda humu humu) shule ya msingi ina boma la vyumba viwili, wazazi tulichangia tofali na mchanga likafika kwenye lenta likaishia hapo, mipapai imeota ndani. La kwanza na la pili wanaingia kwa zamu. Sasa tunataka tuwabane halmashauri wapaue, na vijana wanadai na chumba cha maktaba maana ya mkoa iko mbali, nauli tu inamshinda mtoto. Naomba waliofanya kweli waje, nadharia tunazo za kutosha. Mlianzia wapi na mlikwama wapi?

Kigodoro cha Sufi
Sisi tulipaua mkuu. Ila usifanye kama wengi, wanangoja mheshimiwa aje ziara, mama mmoja anapewa maiki analia, anaahidiwa bati hapo hapo, vigelegele, msafara unaondoka na vumbi. Ahadi ya jukwaani haina kifungu kwenye bajeti, sasa hela itatoka wapi?

Sisi tuliingiza ajenda kwenye mkutano wa mtaa mwezi wa tisa. Tukahakikisha imeandikwa kwenye muhtasari, na mahudhurio yenye majina na saini yakabandikwa nyuma. Hapo inapanda WDC (kamati ya maendeleo ya kata), diwani ndo mwenyekiti na mtendaji kata ndo katibu, kwahiyo kama mmoja wao hajaielewa inafia hapo. Ikitoka inaenda kwa wataalamu wa halmashauri halafu kamati ya fedha halafu baraza la madiwani, na hilo baraza la bajeti linakaa kama mwezi wa kwanza au wa pili hivi. Mwaka wa fedha unaanza Julai mosi. Ukija na barua yako mwezi wa nne makabrasha yashafika Dodoma, utaambiwa "tumepokea tutalifanyia kazi" na hapo ujue umesindikizwa.

Ya kwetu mwaka wa kwanza ilikatwa, wa pili ikapita. Tofauti ilikua moja tu, wa pili tulienda na BOQ (mchanganuo wa vifaa na gharama) ya mhandisi wa halmashauri mwenyewe, wasingeweza tena kusema gharama haijulikani.

Ushuru wa Mazao
Hongereni ila mnaongea kama halmashauri zote zina hela. Huku mapato ya ndani ni ushuru wa mazao na soko, mvua ikigoma na bajeti imegoma. Toa 10% ya mikopo ya wanawake, vijana na wenye ulemavu ambayo ni ya kisheria, toa vikao, toa mafuta ya gari, kinachobaki kata zote zinakigombania. Diwani wetu aliniambia wazi, mimi nina kura moja humo ndani na kila mmoja ana boma lake.

Mwalimu Mstaafu
Vijana msiilaumu shule kabla ya kupiga hesabu. Ruzuku ya uendeshaji msingi ni 10,000 kwa mwanafunzi kwa MWAKA, na humo 4,000 inabaki juu kwa ajili ya vitabu, inayofika shuleni ni 6,000. Shule ya watoto 800 ni milioni 4.8 kwa mwaka, laki nne kwa mwezi. Chaki, karatasi za mitihani, umeme, kitasa kimevunjika, choo kimeziba, zote humo. Mkuu wa shule gani atajenga darasa na hiyo? Tangu elimu bila ada ianze 2016 watoto walimiminika na mwalimu haruhusiwi kumrudisha mtoto sababu ya mchango, sawa kabisa, mimi naunga mkono, lakini wazazi wengi walielewa kwamba hata tofali sasa ni la serikali. Mchango wa hiari haujafutwa. Unapitia serikali ya mtaa au kijiji, mwalimu asishike hela.

Mama Saruji
Naongezea ya kwangu. Mnakumbuka ule mkopo wa UVIKO 2021, trilioni 1.3, madarasa 15,000? Yalikua ya sekondari 12,000 na shule shikizi (vile vishule vidogo vilivyo chini ya shule mama) 3,000, sisi msingi ya kawaida tukabaki tunaangalia. Ndo baadae ikaja BOOST, mradi wa serikali wa shule za msingi. Yetu ilipata na ilikua force account, yaani hela inaingia akaunti ya shule na kamati zinatoka kwa wananchi: ujenzi, manunuzi, mapokezi. Nikawekwa mapokezi nadhani walidhani mama lishe hatasumbua.

Siku nondo zinakuja nikamuita fundi tupime, oda imeandikwa milimita 12, kwenye gari zipo 10. Nikagoma kusaini. Dereva anapiga simu, mwenye duka anapiga simu, mara napigiwa na mtu wa ofisini ananiambia mama unachelewesha mradi wa serikali. Nikamwambia njoo usaini wewe. Hakuja! Gari likarudi nazo, keshokutwa zikaja 12. Kwahiyo jamani hela kutoka ni nusu ya kazi, nusu nyingine ni nani yuko kwenye hiyo kamati. Msiwaachie watu wa kuitika ndiyo mzee.

Kijana wa Tuition
Mama Saruji heshima yako 🙌

Mi niongelee maktaba maana ndo kipengele kigumu. Tulipoenda kuomba afisa akatuuliza maktaba ni ya idara gani? Za mikoa ziko chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba, darasa lina idara ya elimu, zahanati ina afya, maktaba ya kata inaelea elea tu. Mzee mmoja mjanja akasema acheni hilo neno "maktaba ya kata", ombeni chumba cha maktaba ya shule kiwe ndani ya mradi wa madarasa, na mlango wa pili utazame barabarani ili jioni wananchi waingie bila kupita shuleni. Ikapita hivyo.

Vitabu tulichangisha kwa waliosoma pale. Shida ikaja nani akae mle jioni, ajira haipo, mwalimu kachoka. Miezi michache tu ikafungwa, leo ukichungulia dirishani unaona magunia ya mahindi ya uji wa watoto yameegemea shelfu. Sisemi uji mbaya. Ila ukiomba chumba omba na posho ya mtu kwenye andiko hilo hilo, baadae hutaipata.

Mkenya wa Likoni
Poleni majirani. Huku kwetu Katiba ya 2010 iligawa, chekechea na maktaba ni za kaunti, msingi na sekondari ni za serikali kuu. Sasa mwananchi hajui, anaenda kwa gavana kuomba darasa la msingi anarushwa kwa mbunge mwenye NG-CDF (mfuko wa maendeleo wa jimbo), akimuomba mbunge maktaba anarudishwa kwa MCA (mwakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti). Tunaitwa public participation, tunapewa soda na kitabu cha bajeti kinene kama tofali asubuhi hiyo hiyo tutoe maoni saa nne. Mi siku hizi natafuta ile karatasi ya mpango wa mwaka mapema, lazima iwe bungeni kaunti kufikia Septemba mosi, wakati huo ndio wadi yako bado inaweza kuingizwa.

Ushuru wa Mazao
Soda mnapewa? Huku maji tu tena ya kugawana 😂

Mzazi wa Std One
Nimepata madini aisee. Mkutano wa mtaa ni jumapili hii. Barua naiandika kwa nani, diwani au mkurugenzi?

Kigodoro cha Sufi
Kwa Mkurugenzi Mtendaji, K.K. (kupitia kwa) Mtendaji wa Kata, K.K. Mwenyekiti wa Mtaa, wote wagonge muhuri. Ambatanisha muhtasari na picha za hilo boma na mipapai yake. Toa kopi, na ukifika masijala wakugongee "imepokelewa" na tarehe kwenye kopi yako, bila hiyo watakwambia hawajawahi kuiona. Wahi asubuhi, saa tisa na nusu wanafunga.